Nani Ana Ufunguo wa Seva Yetu?

Mwaka juzi nilialikwa kuzungumza na watumishi wa umma waliokuwa katika mafunzo ya muda mfupi. Mada niliyopewa ilihusu uwajibikaji katika zama za mifumo ya kielektroniki, na kama ilivyo desturi yetu wahadhiri, nilikuwa nimejiandaa kutaja sheria nyingi na vifungu vingi. Baada ya kipindi, wenzake walipokwenda kunywa chai, mtumishi mmoja kijana alibaki nyuma. Akaniambia: "Mwalimu, uliyoyasema ni mazuri, lakini naomba nikuulize jambo. Mkataba wa mzabuni aliyetufungia mfumo uliisha miaka mitatu iliyopita. Juzi nilipokuwa napitia orodha ya walioingia kwenye seva, nimemkuta yumo. Hajavunja mlango. Ana ufunguo. Nimwambie nani?"

Nilimuuliza kama amemweleza mkuu wake. Akajibu kwamba alimweleza, na akaambiwa asimguse mzabuni yule, kwa kuwa mfumo ukizimika usiku hakuna mtu mwingine anayejua kuuwasha.

Ofisi hiyo sitaitaja, na sidhani kama ni ya pekee. Naandika makala hii kwa sababu swali la kijana yule ni swali la kisiasa lililovaa nguo za kiufundi, na kwa kuwa limevaa nguo hizo, wanasiasa wetu, wanaharakati wetu na hata sisi wanazuoni tumelipisha njia likapita. Tunajua kuuliza ni nani anayemiliki ardhi, ni nani anayechimba madini na kwa mrabaha gani. Hatuulizi ni nani aliye na ruhusa ya kuingia usiku wa manane katika mashine inayohifadhi majina yetu, kodi zetu, maradhi yetu na kura zetu. Hoja yangu ni kwamba nchi isiyojua nani anaingia katika seva zake, kwa njia gani na hadi lini, haina mamlaka juu ya seva hizo, hata kama zimo ndani ya mipaka yake na zinapata umeme wa nchi hiyo. Na nchi hiyo inapogeuka kumkamia raia kwa sababu ya njia anayopitia mtandaoni, inachunga mbuzi huku fisi amelala zizini.

Tuanze na mambo yenyewe, maana bila kuyaelewa tutabaki tukipiga kelele.

Seva nyingi za serikali na za mashirika hazina hata kioo. Zimefungwa katika makabati ya chuma ndani ya chumba chenye baridi, na anayeziendesha yuko kwingine: chumba cha pili, mji wa pili, au bara jingine. Hufungua terminali katika kompyuta yake, akaandika amri, na amri ile ikatekelezwa kule mbali kana kwamba ameketi mbele ya mashine yenyewe. Anaweza kusoma faili, kulifuta, kubadili tarehe, kuongeza jina katika orodha au kuliondoa. Akiwa na ruhusa ya juu kabisa, hakuna asiloliweza.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa programu kama telnet. Kila kilichoandikwa, nywila ikiwemo, kilisafiri wazi kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Finland, mtu alitega programu ya kunasa nywila katika mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliamua kutafuta dawa. Akaandika programu inayosimba mazungumzo yote kati ya kompyuta mbili, akaiita SSH, na mwezi Julai mwaka huo akaitoa bure kwa walimwengu. Aliomba apewe poti namba 22, iliyokuwa wazi kati ya namba 21 ya kuhamisha mafaili na namba 23 ya telnet, akapewa. Mwaka ule haujaisha, watumiaji walikuwa wamefika wapatao 20,000 katika nchi zipatazo 50. Mwaka 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walitoa OpenSSH, programu huria ambayo leo inapatikana karibu katika kila seva ya Linux duniani.

Chombo hiki, basi, kilizaliwa kama kinga, na mimi si adui yake. Ninakitumia karibu kila siku. Ubaya haumo katika chombo. Umo katika mahusiano ya madaraka tuliyoyajenga kukizunguka.

Kuna mambo mawili katika SSH ambayo kila mtumishi wa umma anapaswa kuyajua, hata kama hatawahi kuandika amri moja.

La kwanza ni funguo. Mtu anaweza kuingia kwa nywila, lakini njia bora ni jozi ya funguo: mmoja wa siri unaobaki kwa mwenyewe, mwingine wa umma unaowekwa kwenye seva, katika faili liitwalo authorized_keys. Kila mstari katika faili hilo ni mtu au mashine yenye ruhusa ya kuingia. Ufunguo wa namna hii, tofauti na kadi ya benki au pasipoti, hauna tarehe ya kuisha isipokuwa msimamizi aiandike. Mtu akiacha kazi, akihama wizara, akifukuzwa au akifariki, mstari wake hubaki palepale hadi mtu mwingine akumbuke kuufuta. Hata faili la siri likinakiliwa na mwingine, seva haitatambua tofauti, kwani inaujua ufunguo tu, haimjui mwenye mkono. Ylönen mwenyewe, miaka 20 baada ya kubuni chombo chake, alikuwa miongoni mwa waandishi wa waraka wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2015 ukieleza hatari ya taasisi kuwa na funguo ambazo hakuna anayezisimamia. Aliyechonga kufuli ndiye aliyekuja kutuonya kwamba hatuhesabu funguo.

La pili ni kuelekeza poti. Poti ni kama dirisha lenye namba ambalo huduma fulani husikiliza nyuma yake. Kanzidata ya ofisi, tuseme, husikiliza kwenye poti 5432, nayo imewekwa ili ihudumie walio ndani ya jengo peke yao. SSH humwezesha mtumiaji aliye nyumbani kuchimba handaki: anaunganisha poti moja ya kompyuta yake na poti ile ya kanzidata, na data yote ikapita ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa. Kwake kanzidata inaonekana kana kwamba imo ndani ya kompyuta yake. Kazi halali nyingi hufanyika hivi, na kwa usalama mkubwa kuliko kuiweka kanzidata hadharani.

Handaki hilo linaweza pia kuchimbwa kwa upande wa pili. Mtu aliye ndani ya ofisi anaweza kuunganisha mashine ya ndani na seva iliyo nje, kisha akafungua poti kule nje inayorudi moja kwa moja ndani. Ukuta wa ulinzi wa mtandao kwa kawaida huwa mkali kwa anayebisha hodi kutoka nje, lakini humpungia mkono anayetoka ndani. Hivyo mzabuni aliyekuja kufunga mfumo kwa wiki mbili anaweza kuacha amri moja inayojirudia kila mashine inapowashwa, na mlango ukabaki wazi kwa miaka. Hakuna kitasa kilichovunjwa wala kengele iliyolia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tutazame jinsi mamlaka zetu zinavyozitazama njia hizi za chini kwa chini.

Hapa Tanzania, mnamo Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wajitambulishe na kutoa taarifa zao, pamoja na anwani zao za mtandao, kabla ya mwisho wa mwezi ule. Taarifa hiyo iliegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo zinakataza kutumia teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. VPN na handaki la SSH si kitu kimoja, lakini ni ndugu: zote hubeba mazungumzo ya mtu ndani ya mazungumzo mengine yaliyosimbwa. Ujumbe uliomfikia raia wa kawaida ulikuwa kwamba anayepita handakini ana jambo la kuficha.

Mwanafunzi anayetaka kusoma jarida, mwandishi anayelinda mtoa habari wake, mhasibu anayefanya kazi za kampuni ya nje akiwa Mwanza: hawa wametakiwa wajieleze. Mzabuni mwenye handaki ndani ya mfumo wa umma hajatakiwa kujieleza kwa umma. Handaki la raia linaitwa kosa, na handaki la mzabuni linaitwa huduma ya matengenezo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba serikali haina haki ya kulinda mitandao yake. Nasema inalinda mahali pasipopaswa. Mwongozo wa OpenSSH wenyewe una maneno ambayo watunga sera wangefaidika kuyasoma. Unaeleza kwamba kumzuia mtumiaji asielekeze poti hakuongezi usalama ikiwa mtumiaji huyohuyo ameachiwa uwezo wa kutoa amri kwenye mashine, maana anaweza daima kuweka programu yake mwenyewe ya kuelekeza. Watu walioandika chombo wanakiri kwamba ukishampa mtu mamlaka ndani ya nyumba, kumkataza asichimbe handaki ni kujifurahisha. Swali la msingi linarudi palepale: nani amepewa mamlaka ndani ya nyumba, na nani aliyempa?

Kama mtu anadhani nakuza mambo, na atazame jirani.

Mwezi Agosti 2017 Wakenya walipiga kura, na matokeo ya urais yakapelekwa mbele ya Mahakama ya Juu. Mahakama iliagiza Tume ya Uchaguzi iwaruhusu walalamikaji kuzifikia seva zake kwa kusoma tu, bila kubadili chochote, pamoja na kumbukumbu za nani aliingia na lini. Tume haikulitekeleza agizo hilo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikabatilisha uchaguzi ule kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, na katika hukumu yake kamili ukaidi huo kuhusu seva ukahesabiwa dhidi ya Tume. Fikiria uzito wa jambo hili: uamuzi juu ya nani awe rais wa nchi ulitegemea, kwa sehemu, swali la kama mtu anaweza kuangalia orodha ya walioingia kwenye kompyuta.

Miaka mitano baadaye swali lilirudi. Mwaka 2022 walalamikaji walidai kwamba wageni waliingia katika mfumo wa Tume kwa mbali na kuchezea fomu za matokeo. Safari hii ukaguzi ulifanyika chini ya usimamizi wa Mahakama, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, walikataa madai hayo. Walisema hata kwamba baadhi ya kumbukumbu zilizoletwa kama ushahidi zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi. Wapo wanaoitumia hukumu hiyo kusema kwamba wasiwasi kuhusu seva ni porojo. Mimi naisoma kinyume chake. Kwanza, ni kumbukumbu za mfumo zilizopambanua ukweli na uzushi. Ofisi yenye kumbukumbu safi ina kinga dhidi ya msingiziaji, na isiyo nazo haina la kujitetea. Pili, Mahakama ileile iliyoyakataa madai ilipendekeza kwamba wakati wa uchaguzi, ili kuepusha shaka, wanaoruhusiwa kuzifikia seva za kupokea na kutunza fomu za matokeo wawe watumishi wa Tume peke yao, isipokuwa pale panapokuwa na ulazima kabisa. Majaji hawakuona wizi, lakini waliona mlango.

Tutoke Nairobi twende Addis Ababa. Makao makuu ya Umoja wa Afrika, yaliyojengwa na China kama zawadi, yalizinduliwa Januari 2012. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kwa miaka kadhaa data kutoka seva za jengo lile zilikuwa zikisafirishwa kila usiku kwenda Shanghai, na kwamba jambo hilo liligunduliwa kwa sababu ya shughuli nyingi za mtandao katika saa ambazo jengo lilikuwa tupu. China ilikanusha, na uongozi wa Umoja nao ukakanusha. Sina uwezo wa kuwahukumu, na kwa hoja yangu si lazima niwahukumu. Ninachokiuliza ni hiki: kwa nini Umoja wenye nchi 55 ulijikuta hauna njia ya kuwaonyesha wananchi wake ushahidi unaofunga mjadala? Kama daftari la walioingia na waliotoka lingekuwapo na likakaguliwa na watu huru, kukanusha kusingehitajika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na anayepewa jengo pamoja na nyaya zake na atarajie kwamba aliyezitandaza anajua zinakopita.

Asidhani mtu kwamba haya ni madhila ya Afrika pekee. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta katika pwani ya mashariki ya Marekani, ililazimika kufunga bomba lake baada ya wahalifu kuingia katika mtandao wake na kudai fidia. Waliingia kupitia akaunti ya VPN ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, yenye nywila tu bila uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa takriban dola milioni 4.4. Mlango uliosahaulika ulitosha kuleta foleni katika vituo vya mafuta vya taifa tajiri kuliko yote duniani.

Hata chombo chenyewe kilinusurika kutegewa. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Alifuatilia nusu sekunde hiyo hadi akakuta kwamba maktaba ndogo ya kubana mafaili, iitwayo XZ, ilikuwa imepandikizwa mlango wa uani uliolenga SSH katika baadhi ya mifumo ya Linux. Aliyeupandikiza, kwa jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwa mtunzaji wa maktaba ile, aliyekuwa akiifanya kazi hiyo karibu peke yake na kwa kujitolea. Funzo lake ni la kijamii kabla ya kuwa la kiufundi. Mtu mmoja aliyechoka, anayebeba mzigo wa wengi bila malipo, ndiye kiungo dhaifu kuliko vyote. Na kilichotuokoa ni kwamba maandishi yale yalikuwa huria, na macho yoyote yangeweza kuyafungua na kuyasoma. Katika mifumo mingi tunayonunua, macho yetu yamekatazwa na mkataba.

Naam, zipo hoja za kupinga, na sizipuuzi.

Watasema: hatuna wataalamu, bila mzabuni mfumo utakufa. Hoja hii inajitafuna. Vyuo vyetu hutoa vijana wa kompyuta kila mwaka, na wengi wao wanazunguka na bahasha. Hatuna wataalamu ndani ya ofisi kwa sababu mikataba hutiwa saini bila kifungu cha kurithisha ujuzi, au kifungu kipo na hakuna anayekidai. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunamwachia shamba na hati yake.

Watasema: haya ni mambo ya usalama, hayajadiliwi hadharani. Siombi funguo zibandikwe ukutani. Naomba umma ujue kwamba orodha ya funguo ipo, kwamba kuna mtu anayeikagua, na kwamba ukaguzi huo unafika bungeni. Bajeti ya jeshi ni nyeti, lakini ina mkaguzi. Siri ambayo wanaijua mzabuni wa nje na mafundi wake, na haijui mkaguzi wa serikali, imefichwa kwa mwenye mali peke yake.

Watasema: mzabuni wetu ni mwaminifu. Huenda ni kweli. Lakini uaminifu wake hauulindi ufunguo wake. Kompyuta yake ikiibwa kwenye basi, au fundi wake akiacha kazi na nakala, aliyeingia kwako hatakuwa yule uliyemwamini. Na mimi, kama raia ambaye taarifa zake za hospitali zimo humo, sikuulizwa kama ninamwamini.

Watasema, hatimaye, kwamba sheria zipo. Hili ni kweli, na ndilo linalonikera zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo tumeizoea kuiona ikitajwa dhidi ya vijana walioandika maneno yasiyowapendeza wakubwa, ina kifungu cha 5 ambacho sijasikia kikitajwa mara nyingi. Kifungu hicho kinakataza mtu kubaki ndani ya mfumo wa kompyuta, au kuendelea kuutumia, baada ya muda aliopewa kuisha. Kisome tena, ndugu msomaji. Mzabuni anayeendelea kuingia miaka mitatu baada ya mkataba wake kwisha, bila ruhusa mpya, yuko katika eneo hasa ambalo kifungu hiki kiliandikwa kulilinda. Tuna pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaitaka kila taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Meno yapo. Tatizo ni kwamba yanang'ata upande mmoja.

Kwa hiyo nini kifanyike? Nitasema mambo ambayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kila taasisi ya umma iandike daftari la funguo: ni za nani, zinaingia katika mashine gani, zimetolewa na nani, zinaisha lini. Ufunguo usio na mwenye jina ufutwe siku hiyohiyo. Ufunguo wa mzabuni uwekewe tarehe ya mwisho ndani ya seva yenyewe, ilingane na tarehe ya mkataba, ili kusahau kwa binadamu kusigeuke ruhusa.

Wote wanaoingia kwa mbali wapitie seva moja ya lango, na yanayofanyika yarekodiwe. Kumbukumbu zitunzwe katika mashine nyingine ambayo anayerekodiwa hana mamlaka juu yake; daftari la wageni analolitunza mgeni mwenyewe halimsaidii mwenye nyumba. Akaunti yenye mamlaka yote isiruhusiwe kuingia moja kwa moja kutoka nje. Handaki la kutoka ndani kwenda nje liwe marufuku mpaka kiongozi mwenye jina atie saini, na saini hiyo iwe na muda.

Mikataba mipya iseme wazi kwamba siku ya mwisho ya mkataba ni siku ya kurejesha funguo, na malipo ya mwisho yasitoke hadi mtumishi wa ndani aoneshe kwamba anaweza kuuzima na kuuwasha mfumo bila kupiga simu. Mkaguzi Mkuu anapokagua vitabu vya fedha, akague pia orodha hii. Na wakati tukiyafanya hayo, tumwondolee raia mzigo wa kujieleza kwa nini analinda mazungumzo yake. Anayetumia handaki kufanya uhalifu na ashtakiwe kwa uhalifu wake. Kumsajili kila apitaye njiani humnasa mwaminifu anayejaza fomu, na mhalifu hajazi fomu.

Ninyi wanafunzi wangu mnaosoma sayansi ya siasa na kudhani kwamba terminali ni ya wenzenu wa jengo la pili, jifunzeni kuisoma. Dola ya leo haikai ikulu peke yake. Sehemu yake imo katika faili lenye mistari michache ya herufi zisizosomeka, na anayeruhusiwa kuongeza mstari mmoja ana madaraka ambayo hakuna aliyempigia kura. Nanyi mnaosoma kompyuta, msikubali kuambiwa kwamba kazi yenu haina siasa. Mnapoulizwa na mashine mara ya kwanza kama mnaitambua seva mnayoiunganisha, na mkajibu "ndiyo" bila kulinganisha alama yake, mmekwisha kufanya uamuzi kwa niaba ya watu wengi. Wanaharakati, ombeni orodha hizi kama mnavyoomba mikataba ya madini.

Kijana yule aliponiuliza amwambie nani, nilimjibu kwa namna tunavyojibu tusipokuwa na jibu: nilimwambia aandike taarifa kwa maandishi na abaki na nakala. Halikuwa jibu baya, lakini lilikuwa dogo. Leo ningemwambia zaidi. Ningemwambia aichapishe orodha ile ya walioingia, pamoja na tarehe, aiambatishe na nakala ya mkataba ulioisha na kifungu cha 5, aifikishe kwa mkuu wa taasisi na kwa mkaguzi wa ndani kwa siku moja, na adai sahihi ya kupokea. Ningemwambia pia kwamba kabla ya kuufuta ule mstari, yeye na wenzake watumie mwezi mmoja kujifunza kuuzima na kuuwasha mfumo wao wenyewe, hata kama itabidi walale ofisini, kwa sababu hofu ya mkuu wake ilikuwa ya kweli, nayo ndiyo iliyomweka mzabuni ndani.

Sijui kama bado yuko katika ofisi ile. Kama anasoma hapa, namwomba radhi kwa jibu langu la kwanza.